Marejeo Arobaini, Kongwa Hakufika

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya steshenari moja hapa Dodoma. Mbele yangu mwanafunzi wa chuo alikuwa anachapisha utafiti wake wa historia, kuhusu mradi wa karanga wa wakoloni kule Kongwa. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi aliokota karatasi iliyodondoka, akaisoma kwa sauti: "Wenyeji hawakuelewa kilimo cha kisasa." Akauliza, "Nani kasema?"

"Vyanzo viko nyuma, mama. Arobaini," kijana alijibu bila kugeuka.

Mama akalowesha kidole, akafunua kurasa za mwisho, akayapitia majina yote. "Simwoni hata mmoja wa kwetu. Kongwa umefika?"

"Muda, mama. Kazi inatakiwa leo saa kumi."

"Baba yangu aliendesha trekta za hao wakoloni. Aliwaambia udongo ule ukikauka unavunja majembe. Hawakumsikiliza. Na wewe hukutuuliza."

Kijana akatazama saa, akatazama ile karatasi. "Kaka, usitie jalada kwanza," akamwambia mwenye duka. Kisha akamgeukia mama, akainamisha kichwa: "Shikamoo."

Kwa kuchelewa atakatwa alama, na ni haki. Lakini utafiti wake, nionavyo mimi, ulianza na hiyo shikamoo.