Corolla ya Rachid na Wagonjwa wa Bwiza

Rachid wa mtaa wa Bwiza aliendesha teksi miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakubeba abiria hata mmoja wa maana. Mwenye tai alinuka jasho, mwenye Biblia aligombea nauli, mwenye tasbihi alishuka bila kufunga mlango. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Majirani walisema kama dharau ingekuwa petroli, Rachid asingepanga foleni hata siku moja.

Lakini dharau haiwashi injini. Foleni za vituo zilifika mahali mtu anapanga gari Jumatatu, anakula humo, ananyoa ndevu humo, na Alhamisi anaambiwa pampu imekauka. Siku alipokuwa wa tisa na kituo kikafungwa machoni pake, Rachid aliisukuma Corolla yake hadi nyumbani, akamwambia mkewe Sijaona kwamba udereva wa kusimama umemshinda. Akafungua kibanda cha kuziba mipira ya baiskeli.

Gari lilikuwa limetembea kilometa elfu mia nne na kumi na mbili. Mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa kamba, madirisha hayakupanda, ila injini ilikuwa nzima kwa sababu hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno: mafundi wakaja kuulizia injini, shemeji akaulizia viti. Rachid akawafukuza wote. Gari angelitoa kwa umoja wa kusaidiana wa mtaa, libebe wagonjwa kwenda hospitali.

"Kutoa ni moyo," alisema.

"Moyo gani?" Sijaona akamjibu. "We unataka tu watu waseme Rachid ametoa."

Na kweli alitaka.

Rais wa umoja alikuwa Sébastien, mtu asiyeachana na faili lake hata akienda msalani. Siku ya makabidhiano alipanga viti na Fanta, akahutubia kwa Kifaransa nusu saa nzima, akataja maendeleo mara saba na Rachid mara moja. Mtunza hazina, Spéciose, alifuta kiti kwa leso kabla ya kukalia kupigwa picha, kisha akauliza kama hakuna klimatizo, ile mashine ya ubaridi. Wiki iliyofuata gari likaandikwa AMBULANCE ubavuni, na chini yake jina la umoja. La Rachid halikuwapo hata kwenye tairi. Alicheka kwa sauti, makusudi, watu wasikie kwamba hajali. "Asante ya punda," alisema, akarudi kwenye mipira yake.

Kutoka kibandani aliliona gari likipita mara mbili kwa siku, likiendeshwa na Jordan, mpwa wa Sébastien. Lilitoka jepesi, likarudi limelala nyuma, springi zinalia. Rachid alijua hakuna mgonjwa wa uzito ule. Haikumchukua wiki kupata ukweli: kituoni ambulance haipangi foleni. Jordan alijaza tangi, akajaza na mabidoni, yale madumu ya plastiki, na petroli ikaenda kwa wenye nazo. Wagonjwa wa Bwiza waliendelea kubebwa kwa baiskeli, au mgongoni.

Je, Rachid alisema? Hakusema. Alifurahi. Kila gari lilipopita alitema mate, akamwambia mteja aliye mbele yake, "Si nilisema? Wezi wenye mafaili." Miezi mitatu alikula utamu wa kujua watu ni wabaya kama alivyowadhania.

Jumanne moja mchana Hayat, mke wa mpakiaji wa bandarini, alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mama Mwavita, jirani aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimlaza mkekani kibandani kwake, akampigia Jordan. Akaambiwa ambulance iko kazini. Akaja kwa Rachid, mikono kiunoni.

"Gari yako iko wapi?"

"Si yangu. Muulize Prezida."

"Nakuuliza we. Iko wapi?"

Alijua iko wapi. Aliacha baiskeli ya mtu miguu juu, akaenda mbio na magoti yake mabovu.

Lilikuwa kwenye pampu, mbele ya magari yaliyolala pale siku tatu. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa. Mahali pake mabidoni sita yalilazwa chini ya shuka jeupe, na upande wa kichwani palikuwa na mto. Wizi Rachid alikuwa ameuzoea, lakini ule mto ulimchoma.

Sébastien alikuwa kiti cha mbele, faili mapajani. "Mzee Rachid! Mi na we tutaelewana. Bidoni moja yako, kila wiki."

"Shuka."

"Apana mbele ya watu, mzee."

"Mbele ya watu ndiyo muzuri."

Akalivuta shuka. Foleni nzima ikaona. Hakuna aliyempiga Sébastien. Walimcheka, na Jordan akatoroka, ufunguo akiuacha garini. Rachid aliyashusha mabidoni moja moja, akamwacha rais na faili lake kwenye lami, akaondoka.

Alipofika kwa Mama Mwavita, mtoto alikwisha kuzaliwa, mzima, lakini damu ya mama ilikuwa haikomi. Wakamlaza Hayat pale pale palipokuwa na mabidoni, juu ya shuka linalonuka petroli. Njiani Rachid akaanza mahubiri: wezi hawa, yeye aliwajua tangu wiki ya kwanza.

"Ulijua?" Mama Mwavita aliuliza kutoka nyuma, mtoto kifuani, mkono mmoja ukikandamiza kitenge.

"Nilijua, dada. Mi hawanidanganyi."

"Miezi tatu unajua, unaziba mipira, unacheka." Hakupaza sauti. "Sébastien ni mwizi, sawa. We ni nini?"

Rachid, ambaye hakuwahi kukosa jina la kumpa mtu, alikanyaga mafuta hadi hospitali. Hayat aliokoka. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, asingeahidi kitu.

Asubuhi Sébastien alifika na Spéciose na karatasi yenye muhuri. Walimkuta Rachid kwenye usukani, gari limeegeshwa mbele ya ndagala za Mama Mwavita.

"Gari hii ni mali ya umoja," Sébastien alisema.

"Ni yenu. Niliitoa, na picha mulipiga. Dereva sikumutoa. Mugonjwa akiita, nakwenda. Bidoni ikiita, ipange foleni kama watu."

"Mpaka lini?"

Rachid alimtazama Mama Mwavita, aliyekuwa akipanga ndagala zake bila kuinua kichwa.

"Jana niliulizwa swali," alisema. "Nikipata jibu, nitawarudishia ufunguo."