Kidole cha Felisita Juu ya Paa la Lori

Yakobo simpendi. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukadhani nimeanza kumsifu. Damu zetu haziendani, na hapa Bariadi yeyote anayetufahamu anajua asituweke benchi moja.

Ni mtu wa Mkula, amekulia nyuma ya ng'ombe wa babu yake, akatoroka akawa utingo, kisha dereva. Miaka thelathini na mbili ameendesha malori ya pamba kutoka vijijini mpaka kwenye kinu. Sasa amestaafu, ana mtoto wa jicho upande mmoja, na bado anatembea ametanguliza kifua kana kwamba barabara aliichimba yeye. Na ana mdomo. Yakobo hawezi kuona kosa lako akapita. Atasimama, atalitazama, atalitaja, na atasubiri watu wawepo ndipo alitaje.

Mimi ni fundi bodi. Gari likigongwa linakuja kwangu, nalinyoosha, naziba mabonde kwa pati, nasaga kwa msasa, napuliza rangi. Miaka kumi na miwili iliyopita Yakobo aligonga ng'ombe pale Dutwa akaniletea lori. Nikakaa na mlango wake siku mbili. Alipokuja kulichukua alipitisha kiganja juu ya bati taratibu, akasimama katikati, akaniuliza mbele ya mafundi na wateja, "Novatus, huu mlango umeunyoosha au umeubembeleza?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ni kweli palikuwa na kibonyeo, kidogo, cha punje ya mahindi. Lakini tangu siku hiyo kitu chochote chenye kibonyeo mjini hapa kinaitwa mlango wa Novatus. Hata mke wangu Elizabeth amewahi kusema hivyo kuhusu sufuria.

Utauliza watu wa namna hiyo walifikaje kwenye meza moja. Ni magari madogo yaliyotukutanisha. Pale kinuni alikuwepo mhandisi mgeni ambaye akitoka kazini alikuwa akiunga magari ya plastiki. Yanakuja kwenye boksi, vipande vimeshikana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja, unavisaga, unaviunga kwa gundi, unapaka rangi, mpaka linatokea lori kamili la urefu wa kiwiko hadi vidoleni. Alipoondoka nchini alimwachia Uledi, mchora vibao, katoni nzima. Uledi akatugawia sisi tuliokuwa tukimzunguka mhandisi tukishangaa. Tulianza kwa moto, tukaishia njiani. Msimu wa pamba ukaja, harusi zikaja, misiba ikaja, na maboksi yakapanda juu ya makabati.

Mwaka jana Uledi akasema aibu hii imetosha. Akatukusanya karakanani kwake kila Jumapili mchana, akaweka utaratibu. Boksi lililolala zaidi ya miaka mitano halimaliziwi na mwenyewe, kwa sababu mwenyewe ameshashindwa. Linapigiwa kura, mwenzake analimalizia. Mwenye boksi anaruhusiwa sharti moja tu, na alitoe mbele ya wote.

Kura ya boksi la Yakobo ikaniangukia mimi. Hakuna aliyecheka. Uledi alitaka irudiwe, nikakataa. Nilikuwa na furaha mbaya moyoni. Nilitaka nimrudishie lori ambalo atalipitishia kiganja mpaka kichoke, asipate pa kusimama.

Yakobo alifungua boksi mezani. Lilikuwa lori la mizigo, kebini imeshaungwa, mengine yote bado. Akaonyesha juu ya paa. Palikuwa na alama ya dole gumba, imezama kwenye plastiki na mistari yake yote. Gundi ile inayeyusha plastiki, na ukiigusa kabla haijakauka umeacha kidole chako hapo moja kwa moja.

"Hiki ni cha Felisita," akasema.

Felisita alikuwa mkewe, mwanamke wa Kiloleli, mdogo wa umbo, mwenye maneno kuliko mumewe. Magari yale aliyadharau, akimuuliza Yakobo kama hilo ndilo litakalowapeleka kliniki. Siku moja Yakobo alikuwa ameshika kebini kwa mikono miwili, paa linateleza, akamwita. Felisita akaweka ungo wa mchele chini, akaja akalibonyeza paa kwa dole gumba. Alipoona ameacha alama akacheka, akasema na yeye ametia sahihi. Kuandika hakujua, fomu zote za chama cha pamba alikuwa akizitia dole. Miezi mitatu baadaye presha ilimwangusha shambani, hakuamka. Yakobo akafunga boksi, likakaa miaka tisa.

"Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, na hajafanana," akasema. Alikuwa anaongea na meza, si na mimi. "Malizia gari unavyotaka, Novatus. Paka rangi yoyote. Sharti langu ni moja, hicho kidole usikisage."

"Nimesikia," nikasema. Na nilisikia. Sitaki kujitetea kwamba sikusikia.

Nililifanyia kazi wiki tano. Chesisi, springi, ekseli, matairi, taa ndogo za kushika kwa kibanio, vyote nikaviunga bila tone la gundi kuonekana. Kila nilipoinua lenzi kukagua, jicho langu lilifika pale kwenye paa. Nilikifahamu kidole kile kuliko ninavyofahamu uso wa mama mkwe wangu. Kilikuwa kidogo, kimekaa upande kidogo, na mstari mmoja umekatika katikati kama aliwahi kujikata na mundu. Na kilinikera, niseme ukweli. Lori zima safi, halafu pale juu, mahali pa kwanza mtu anapotazama, pana kibonyeo.

Jumamosi asubuhi nikawa tayari kupuliza rangi. Kando ya alama palikuwa na vumbi lililogandia miaka yote hiyo. Nikalowesha msasa laini ili nipitishe pembeni tu, rangi ishike. Sasa muulize mtu aliyesaga mabati miaka ishirini na saba. Mkono wake haumsubiri. Ukihisi mwinuko unarudi, unarudi tena, mpaka pawe sawa. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa mteja aliyenizungusha tangu Jumatatu. Nilipofuta maji kwa kitambaa, paa lilikuwa laini lote.

Nilikaa chini, kwenye tairi. Hasira yangu ya kwanza ilimwendea Yakobo. Nikamtukana peke yangu, kwamba ni mpumbavu gani anayempa fundi bodi kitu chenye kibonyeo akamwambia asikiguse. Hasira ya pili ndiyo iliyorudi kwangu, nayo haikuwa na pa kwenda.

Elizabeth alipoleta chakula nilimwomba kidole chake. Nilimweleza kila kitu. Kidole chake ni chembamba, nikasema nitaweka gundi kidogo, abonyeze, nani atajua.

"Baba Mwandu," akasema, "unataka nijifanye marehemu?"

Akaweka bakuli chini akaondoka. Siku mbili hakunisemesha.

Nikaweka gundi, nikasubiri ilegee, nikabonyeza dole langu mwenyewe. Nikapuliza rangi ya kijani, nyepesi, ili mistari ibaki.

Jumapili wote walikuwepo. Yakobo aliingia akawasalimia wengine kwa Kisukuma, mwadila, mimi akaniruka kama kawaida. Nikaliweka lori mezani. Alilishika, akalisogeza karibu na jicho lake zima, akapitisha kiganja ubavuni, kwenye bonet, kwenye milango. Akaurudia mlango wa dereva. Nilimtazama.

"Umefanya kazi," akasema.

Miaka kumi na miwili nilikuwa naisubiri kauli hiyo, na ilipokuja nilikuwa natazama paa.

Kisha akaweka dole gumba lake juu ya paa, akaliacha hapo. Uledi aliacha kuchora. Yakobo alisogeza kidole mbele, nyuma, akakirudisha.

"Nilidhani kilikuwa kidogo," akamwambia Uledi. "Wanangu huwa nawaambia mama yenu alikuwa na vidole vidogo, mnakumbuka? Wao walikuwa wadogo, hawakumbuki, wananiamini mimi." Akaguna. "Kumbe na mimi nimeanza kumsahau."

Hapo ningenyamaza. Nisingekamatwa na mtu. Jicho lake bovu, rangi nzuri, kazi imesifiwa mbele ya mashahidi, na adui yangu anajilaumu mwenyewe. Nilikuwa nimeshinda. Na nilimchukia kwa kusema vile, nilimchukia kuliko siku ya mlango, kwa sababu maneno yale yalinifungua mdomo kwa lazima.

"Hujamsahau," nikasema. "Hicho ni changu. Cha kwake nilikisaga."

Uledi alisema jina langu, kwa sauti ya chini. Mimi nikaendelea. Nikaeleza msasa, nikaeleza gundi, nikaeleza na kidole cha Elizabeth alichoninyima. Nilikuwa nasubiri anipige. Ningekubali, na huenda ningerudisha.

Yakobo hakuinuka. Alinyanyua dole lake kutoka juu ya paa, akalifuta kwenye suruali.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekiona mwisho," akasema.

"Ndiyo."

"Kilikuwa kidogo?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikanyoosha kidole changu cha mwisho, nikakipima kwa ukucha wa mkono mwingine, chini ya kiungo cha kwanza. Nikamwambia kilikaa upande, na kwamba mstari mmoja ulikatika katikati. Aliinama akatazama kidole changu kwa lile jicho zima, muda mrefu, mpaka mkono wangu ukaanza kuchoka.

"Ndiyo," akasema. "Alijikata na mundu mwaka ule tuliooana."

Halafu akaliacha lori palepale mezani, akachukua kofia yake, akaniambia nisije nikamsalimia tena, hata msibani kwake.