Kumtua Mama

Siku moja kabla vita havijafika Uvira, mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, miguu yake mibovu ameinyoosha juani, anachagua maharagwe. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi shati jeupe. Katika ukoo wetu nilikuwa mtu wa kwanza kupata diploma, diploma ya biashara kutoka Bukavu, na sikukubali kutoka na shati lenye makunyanzi hata nikienda kununua chumvi.

"Hiyo diploma yako inajua kuteka maji?" Mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Inajua kumtuma anayeteka."

"Basi mtume mapema. Nina kiu."

Niliteka mwenyewe. Akanywa, akasema maji ya msomi hayana tofauti na ya jirani, akarudi kwenye maharagwe yake. Ziwa lilikuwa limetulia. Sina kingine cha kusimulia kuhusu siku ile, na ndiyo ninayoitamani kuliko siku zote nilizoishi, zikiwemo zile nilizopigiwa makofi.

Kesho yake milio ilianza upande wa kaskazini. Mwanzoni tulidhani ni askari wamelewa. Kisha majirani wakaanza kupita na magodoro kichwani, na hakuna aliyesimama kusalimia.

Mama hakuweza kutembea. Nilichuchumaa mbele ya kigoda.

"Panda."

"Na maharagwe?"

"Yaache, Mama."

Akayaacha.

Tulishika njia ya kusini, ziwa kushoto, milima kulia. Askari waliopaswa kutulinda walitupita mbio, wengine wameshavua sare. Mama alinishika mabega na kunilalamikia sikioni kama kawaida yake.

"Unanuka jasho kama marehemu baba yako."

"Basi shuka, utembee."

"Aa, harufu si mbaya sana."

Tulilala njiani, tukaamka, tukaendelea. Mahali barabara inapokaribia maji, risasi zilitoka mlimani.

Watu walilala chini. Mimi sikuweza kulala chini.

Nilikimbia.

Mama alisema neno moja, jina langu la utotoni. Nikaendelea kukimbia mpaka milio ikabaki nyuma, kisha nikatembea. Nilimwambia tumepona. Nilimsimulia Kigoma ng'ambo ya ziwa, nyumba nitakayompangia, kigoda nitakachomnunulia.

Mtu aliye hai mgongoni hukusaidia kumbeba. Hukaza magoti, huinama nawe unapopanda mlima, hujivuta juu anapoteleza. Kwenye kilima kilichofuata Mama aliacha kunisaidia. Nilidhani amechoka.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea nyuma yetu na watoto wake aliniwahi, akanigusa mkono.

"Mwanangu, mtue mama."

"Amelala."

"Ndiyo, baba. Mtue."

Risasi ilikuwa imemwingia mgongoni. Tulimzika kando ya barabara kwa jembe la mkimbizi mwingine, haraka, kwa sababu milio ilikuwa imeanza tena. Sikumbuki nilivyomshusha. Nakumbuka jembe, nakumbuka mikono ya yule mwanamke, lakini ile hatua ya kumtoa mgongoni haimo kichwani mwangu. Kwa miaka mingi niliitafuta, na nilichokuwa nakitafuta ndani yake ni kitu kimoja: kama Mama alijua kwamba anakufa, huku mimi nikimpigia hadithi za vigoda.

Wakimbizi wengi tuliovuka nao ziwa hadi Kigoma walibaki kambini. Mimi sikubaki. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaisha nilikuwa karani wa mfanyabiashara wa vitenge, na baada ya hapo akanituma Guangzhou, Uchina, kumsimamia mizigo, kwa sababu katika watu wake wote ni mimi pekee niliyeweza kusoma mkataba wa Kifaransa, kujibu barua ya Kiingereza na kujifunza tarakimu za Kichina kwa wiki chache. Nasema ukweli tu. Katika soko la vitambaa la Zhongda wauzaji waliniita laoban, bosi, nami bado nilikuwa nikilala chumba kimoja na wenzangu watatu.

Bosi gani anayebeba mwenyewe? Ndivyo alivyokuwa akinicheka Bi Sauda, mfanyabiashara wa Kariakoo niliyemfungia mizigo yake na kuifikisha bandarini Huangpu.

"Wapagazi wamejaa hapa, wewe Mkongo unabeba robota. Diploma hiyo waliifundishia ghalani?"

"Wapagazi wanatupa mizigo, Bi Sauda. Kitambaa kinapasuka."

"Kitambaa hakipasuki. Sema una wazimu wako."

Siku moja nilikuwa nimeshusha robota la kwanza mlangoni kwa muuzaji, nikasikia watu wanacheka nyuma yangu. Mzee mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu, alikuwa akiniiga. Hakuwa na kitu mgongoni, lakini alipiga magoti polepole, akapeleka mkono nyuma kushika kichwa kisichokuwepo, akageuza shingo kutazama, akashusha. Wachina walipiga makofi. Bi Sauda alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilimwendea kwa hasira, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mimi si kikaragosi.

Alinijibu kwa Kifaransa pia, chenye lafudhi nzito. "Sikukuiga ili watu wacheke. Robota halishushwi hivyo. Nataka kujua ulikuwa unamshusha nani."

Jina lake lilikuwa Zenon, Mpolandi, mwigizaji na mwongozaji wa maigizo bubu. Alikuja Zhongda kununua kitambaa cheusi cha jukwaa. Mwanafunzi wake wa zamani, Mchina, alimwalika afundishe katika shule moja ya maigizo ng'ambo ya mto. Kwao alikuwa na kundi lake mwenyewe kwa miaka mingi, akiongoza michezo isiyo na neno hata moja, wakizunguka nchi za watu, kumbi zimejaa. Kisha nyakati zikabadilika, watu wakaacha kuja, na ukumbi wake ukawa duka la samani. Alilisema hilo bila uchungu. Alichokuwa na uchungu nacho ni mchezo mmoja alioujaribu maisha yake yote bila kuumaliza.

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye sakafu ya ukumbi wa shule. Alikuwa mtoto mdogo jiji lao lilipowainukia Wajerumani waliolitawala, likabomolewa juu ya vichwa vya wakazi wake. Mama yake alimbeba mgongoni kupita kwenye vifusi, akamtua kwenye ngazi za handaki, akarudi kumfuata dada yake Zenon. Hakurudi yeye, hakurudi dada. Zenon alikulia katika nyumba ya yatima, mahali ambapo, alisema, hakuwa na la kumwambia mtu, kwa hiyo mwili wake ukajifunza kusema.

"Najua kubebwa," alisema. "Kubeba sikujui. Waigizaji wangu wote walibeba vizuri, na wote walidanganya wakati wa kutua. Wewe hudanganyi hata kwa robota."

Aliniomba niucheze mchezo huo, nikakubali. Nitakuwa mkweli: nilikubali kwa sababu katika watu wote wa Guangzhou alinichagua mimi. Kila nilipomaliza kazi ya mizigo nilivuka mto kwenda kufanya mazoezi na vijana wa Kichina waliokuwa na miili laini kama nyuzi, na sikuachwa nyuma na yeyote. Nilitembea bila kusogea. Nilipanda kilima kwenye sakafu tambarare. Zenon alikuwa mkali. Akiona goti limedanganya alipiga kofi moja, tukaanza upya.

Lakini kila tulipofika mwisho, wakati wa kutua, nilisimama. Magoti yalikataa. Yeye hakupiga kofi. Alisema tu, "Kesho."

Mchezo ulipokaribia, na mabango yameshabandikwa, nilimwambia atafute mtu mwingine.

"Hakuna mwingine. Nibebe."

"Mzee?"

"Nibebe mimi."

Nilichuchumaa, akapanda. Alikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Nilizunguka ukumbi, naye akikaza magoti, akiinama nami kwenye kona, kama Mama. Kisha, bila onyo, aliacha kunisaidia.

Nilisimama pale pale.

"Ilikuwa hivi?" aliuliza sikioni.

"Ndiyo."

"Unataka kuniuliza nini?"

Nilimuuliza. Nilimuuliza kama Mama alijua.

Alilaza kichwa mgongoni kwangu.

"Alichojua sikijui," alisema. "Najua alichosikia. Anayebebwa hasikii risasi vizuri. Sikio linakuwa limelala mgongoni. Unasikia moyo wa anayekubeba, na sauti yake ikitokea ndani ya mbavu, kubwa. Mimi sikumbuki bunduki hata moja. Hofu ilinianza aliponitua."

Nilipiga magoti. Nilipeleka mkono nyuma, nikashika kichwa chake, nikageuza shingo, nikamshusha sakafuni. Miguu yake ilikuwa imeshafika chini, lakini mikono yake ilichelewa kuachia shingo yangu. Sikumharakisha.

"Hivyo," alisema.

Tulicheza alasiri ya Jumapili. Ukumbi ulijaa Wachina, na kwenye viti vya nyuma walikaa wafanyabiashara wetu wa Dar na Kigoma, waliokuja, kwa maneno yao, kumtazama Mkongo akifanywa bubu. Nilimbeba, nilikimbia, nilipanda, nilimtua. Watu walisimama kunishangilia, na walimu wa shule walinipa cheti chenye muhuri mwekundu. Mpaka leo, kuanzia Uvira hadi Kalemie, sijasikia mtu mwingine mwenye cheti cha maigizo bubu. Nimekitundika dukani kwangu, juu ya kile cha Bukavu.

Bi Sauda alinisubiri mlangoni. Hakucheka.

"Mama yako alikuwa mwembamba?"

"Mwembamba sana."

"Alikuwa na tabia ya kukushika huku." Akagusa bega lake la kushoto.

"Ndiyo."

"Basi nimemwona."

Zenon alirudi kwao majira ya baridi yalipoanza. Baadaye, nikiwa nimesharudi Kigoma, yule mwanafunzi wake alinipigia simu, akaniambia mzee amefariki, na kwamba mchezo wetu ndio wa mwisho aliouongoza. Niliomba aniambie alizikwa wapi. Alinitajia jiji, makaburi, na mti ulio karibu. Nilimwonea wivu kwa hilo.

Nilirudi Uvira amani ilipofaa kuitwa amani. Nina duka la ghorofa, nina magari, na watoto wangu wote wanasoma. Nilipeleka fundi na vigae vyeupe kumjengea Mama kaburi la heshima. Tulitafuta. Barabara ilikuwa imehamishwa baada ya mafuriko, na miti niliyoikumbuka kama alama ilishachomwa kuwa mkaa. Vigae vile nilivirudisha, nikavitandika kwenye ngazi za duka.

Kila ninapokwenda mji wa Baraka, kusini, namwambia dereva asimame mahali barabara inapokaribia maji. Sijui kama ni penyewe. Nashuka, nasogea kidogo majanini, napiga magoti polepole, napeleka mkono nyuma. Dereva wangu anadhani nina ugonjwa wa mgongo, na huniwekea mto kwenye kiti nisijiumize.