Pweza Asiyepigwa

Nilitoka Mwanza kwa meli hadi Kisumu, nikapanda treni ya daraja la tatu hadi Mombasa, nikavuka Likoni, na lori la nazi likaniteremsha Msambweni nikiwa sina shughuli. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilipata kazi kwa Mzungu mmoja mzee aliyetengeneza wanyama wa baharini kwa kioo, kwa ajili ya makumbusho ya kwao, maana mnyama halisi akitiwa kwenye spiriti hupauka. Mimi nilikanyaga mivukuto ya kupulizia moto; yeye aliyeyusha kioo motoni na kukivuta kwa koleo.

Konyeza wake, wale waeleao kama miavuli, walikubaliwa. Pweza alikataliwa. Mtu wa makumbusho, aliyekuja mwenyewe, alimtazama mara moja akasema, "Huyu ni maiti." Asipopata wa kioo anayeonekana hai kabla meli yake haijaondoka, hawatamwagiza mzee kitu tena.

Mkono wa mzee haukukosea. Alimwiga pweza tuliyeletewa, na mama aliyetuuzia alikuwa amemponda mwambani ili alainike, kama wafanyavyo wote. Basi nikatumwa kwake.

"Shikamoo, mama. Tunataka pweza asiyepigwa."

"Marahaba. Asiyepigwa?" Akawageukia wenzake. "Mwamsikia mbara huyu? Mtamtafuna vipi, kama mpira wa baiskeli?"

"Hatumli. Tunamtazama."

"Ya Rabi! Na watu wakisema nauza pweza mgumu, utanitetea wewe?"

"Nitakutetea."

"Kwa meno yapi?"

Wakacheka mpaka nikaondoka.

Hata hivyo alikuja, ndoo kichwani, jiwe juu ya kifuniko. Alipitia nyuma ya nyumba asionekane. Mzee alikaa mbele ya ndoo ile asubuhi nzima. Pweza alikuwa kahawia, akawa mweupe, akatoka madoa. Mzee alichagua rangi ambayo pweza aliigeukia kila kivuli cha mtu kilipomwangukia.

Kazi ilipokwisha, mama aliitwa aone. Alisimama mlangoni, akamtazama yule pweza wa kioo, kisha akanitazama mimi.

"Hamjampiga tu mpaka leo?"

Mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, aliniuliza amesema nini. Nikamfasiria. Hakucheka. Alichukua pamba akaanza kumfunga pweza wake, mnyiri mmoja mmoja.

Kesho yake nililipakata sanduku ndani ya basi mpaka Likoni, nikavuka, nikalikabidhi kwa mtu wa makumbusho bandarini. Mikono ikawa mitupu. Basi la kurudi Msambweni lilikuwa ng'ambo likipakia; mimi nikaelekea stesheni ya treni ya bara.