Kuvu Iliyosafiri kwa Majani ya Mgomba

Elisifa, mzaliwa wa Machame, ametambua kuvu za mimea kwa miaka kumi na saba katika maabara moja ya Moshi mjini. Nyumbani kwake mtaa wa Soweto, mkate ulioota ukungu hautupwi kabla hajaukagua.

Mwezi Juni, Mzee Aristides wa Mabogini alimletea vipande vya mizizi ya michikichi yake ishirini iliyokuwa ikinyauka. Kwenye hadubini Elisifa aliona vimbegu vilivyopinda kama ndizi: kuvu ya mnyauko, isiyo na dawa. Akaandika miti yote ing'olewe.

Siku mbili baadaye, akipanga meza, alikuta majani makavu ya mgomba. Ndiyo yaliyofungia vipande vile. Mzee huyo analima Mabogini, lakini kwao ni Kibosho. Hampi mtu kitu kikiwa uchi, hata mzizi mgonjwa, na majani huyatoa kihambani, shamba lake la ukoo kule mlimani. Migomba nayo ina kuvu yake ya mnyauko, na kwenye hadubini hizo mbili hazitofautiki. Siku ile Elisifa, kwa haraka, hakuviosha vipande kabla ya kuviotesha kwenye visahani vya maabara; huenda kuvu aliyoiona ilitoka kwenye majani.

Akapiga simu. "Shikamoo, mzee. Usikate!"

"Marahaba. Nimekata mmoja, wa mlangoni."

"Iliyobaki iache kwanza!"

Alivifuta kwa spiriti vipande vilivyosalia, akachukua nyama ya ndani tu, akaotesha upya. Wiki nzima hakikuota kitu. Alipokwenda shambani alikuta maji ya majaruba ya mpunga ya jirani yamefurika. Mizizi ilikuwa ikizama tu.

Mkononi alishika jani la isale, la kuombea radhi. Anayelishika hafukuzwi.

"Nyie Wamachame," alisema mzee, "mnaona ndizi hata kwenye mchikichi!"

"Zilikuwemo, mzee. Ulizileta mwenyewe."

Mzee alikitazama kisiki cha mlangoni, kisha akalipokea jani. "Basi yameisha. Mtaro tutachimba kesho. Lakini ule mchikichi wa mwisho kule una madoa ya majani. Upime."

Elisifa alikata jani lenye madoa, akalitia kwenye bahasha safi, akaifunga kwa gundi. Mzee aliikagua bahasha, hakuridhika. Akaingia ndani, akarudi na jani kavu la mgomba, akaiviringishia humo na kuifunga vizuri kwa kamba.

"Sasa," alisema, "unaweza kuibeba mbele za watu."