Jinsi Nilivyomuulizia Bi Neema wa Makambako

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa chama chetu cha wazalishaji wa mbegu za viazi pale Njombe hakunionyesha kiti. Aliniuliza, "Mgeni wa saa nne ni nani?"

"Ni mnunuzi, mzee."

"Hiyo ni shughuli yake. Nimekuuliza ni nani."

Akanituma nje, kwenye ukungu, nikamjue. Nilirudi na habari moja tu kutoka kwa mhudumu wa gesti: mgeni alikuwa ameomba blanketi la tatu. Katibu akaagiza chai ya tangawizi, birika zima. Mgeni akakaa hadi jioni, na akanunua.

Hiyo ikawa kazi yangu. Cheo kilisomeka Afisa Masoko, nami nilikuwa mtu wa kidato cha nne nisiyependa kulala kitanda kisicho changu. Mwanzoni nilipangiwa kituo cha kupokelea viazi cha Mdandu. Niliandika barua nne za kuomba kurudi Njombe, zote nikilalamikia baridi ya Mdandu, ingawa kila mtu anajua Njombe ndiko kwenye baridi zaidi. Ya nne ikanirudisha.

Kabla Katibu hajakutana na mtu, nilimwandalia wasifu: ukurasa mmoja wa kueleza huyo mtu amefanya kazi na nani, waliachana vipi, na kama anapenda kuambiwa jambo moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka. Niliuandika nyumbani, karibu na moto. Ukungu ukishuka hata nisione ua wa jirani, nilifumba macho nikakutana na wageni wote: nikawasalimia, wakacheka, tukapatana. Nadhani biashara zangu nzuri kuliko zote nilizifanya hapo, bila kuvaa viatu.

Mwaka mmoja mnunuzi wetu mkubwa akajitoa. Mbegu za kaya thelathini zilikuwa kwenye ghala la mwanga hafifu, yaani ghala la kuta za wavu ambamo viazi hupata mwanga kidogo ili machipukizi yawe mafupi na magumu. Machipukizi hayamngoji mtu. Msimu wa kupanda ukipita, mbegu zingenywea, na jasho la mwaka mzima la kaya zile lingeishia hapo. Aliyebaki wa kuweza kuzichukua zote ni Bi Neema, mwenye duka kubwa la pembejeo Makambako.

"Safari hii utakwenda mwenyewe," akasema Katibu. "Mimi mgongo."

Makambako! Kwa gari ni kama saa moja. Kwangu ilikuwa ng'ambo.

Simu ilinipa picha yake moja tu, amevaa miwani ya jua kando ya lori. Basi nikatumia njia ya wazee, ile ya mshenga anapoichunguza familia ya binti kabla ya posa. Nikampigia fundi cherehani niliyesoma naye, jirani yake Bi Neema. Ana hasira? Anaheshimu wazee? Akiahidi hutimiza? Kwao wanapatana? Alinijibu yote kwa furaha iliyonishangaza.

"Na wewe bado hujaoa, sivyo?" akauliza.

"Bado," nikasema, nikaendelea kuandika.

Nilipofika Makambako, upepo ukitaka kuninyang'anya kofia, sikupelekwa dukani. Fundi cherehani alinipeleka sebuleni kwa kina Bi Neema. Baba yake mdogo alikuwa amevaa koti la kanisani. Shangazi wawili wakanikagua viatu.

"Kamwene, baba," nikasalimia.

"Kamwene, mwanangu. Mbona peke yako? Mshenga wako yuko wapi?"

Nikikiri, ningeiaibisha nyumba ile. Nikinyamaza, ningeoa. Nikayafikiria machipukizi.

"Baba, nisameheni sana. Nimeleta habari za viazi."

Shangazi mmoja akaitua sahani ya kuku. "Viazi ndivyo unaviulizia kama vinaheshimu wazee?"

Bi Neema, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka mpaka akaushika mlango.

"Niachieni huyu. Hata mimi nilimuulizia," akasema. "Njombe wameniambia havuki stendi kwa hiari yake. Akifika hapa na upepo huu, basi hizo mbegu zinachipua kweli. Tena wamesema hajui kudanganya. Anaona uvivu."

Kesho yake akaja Njombe, akalibonyeza chipukizi kwa kidole gumba. Halikuvunjika. Wiki ile ile malori yake yakalimaliza ghala.

Najua mnachotaka kuuliza. Hatukuoana, alikuwa amenichunguza vizuri mno.

Sasa nimestaafu, na vijana mnaniuliza namna ya kumjua mtu kabla ya kukutana naye. Anzeni na simu, msiishie hapo. Mtafuteni aliyefanya naye kazi, mkamwambie wazi kwa nini mnauliza, wazee wasivae makoti bure. Na jueni kwamba nanyi mnaulizwa.

Lakini siku ninayoirudia zaidi ni ile Bi Neema aliponichukua kwenye lori kuona zilikopandwa mbegu zetu. Viazi vilikuwa vimetoa maua, meupe na ya zambarau, kilima baada ya kilima, mpaka mawingu yakayameza. Alizima injini. Tukatazama, na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, sikuwa na swali.