Shamba la Shemeji

Simu ilinikuta sokoni Kibondo asubuhi, mkono wangu ukiwa ndani ya gunia la maharage. Alikuwa kaka wa yule mtafiti niliyekuwa mkalimani wake, aliyeniita mdogo wake. "Dada yako ametutoka," akasema. "Tunazika hapa Kasulu baada ya Adhuhuri, wahi." Alikuwa ameugua siku chache tu. Wasomaji wa safu hii mnanijua: huandika sentensi, nikaifuta, nikaiandika tena, kisha nikalala na hofu kwamba kosa limebaki. Sikusomea uandishi popote. Baada ya kidato cha nne nilijifunza kwa kusoma chochote nilichokipata, na labda ndiyo maana kila siku nangoja kuumbuliwa. Leo nina hofu nyingine, ya kumfanya marehemu awe mwema kuliko alivyokuwa. Alikuwa mbishi, alisahau kula, na alicheka kwa sauti mahali pa kunyamaza.

Alizaliwa Kasulu mjini, katika familia ya wenye duka ambao babu yao alitoka pwani. Kiha chake, lugha ya huku inayoelewana na Kirundi, kilikuwa cha kuuzia sukari tu, ndiyo maana alinihitaji niwe mkalimani. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, na utafiti wake ulisimama katika idara mbili, ya udongo na ya sosholojia, kila moja ikimpa msimamizi wake. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka. Katika kijiji kimoja huko Nyakitonto, kwa nini mashamba ya upande mmoja wa kijito yamechoka na ya upande wa pili bado yana nguvu, wakati mvua ni ile ile? Upande uliochoka unalimwa zaidi na familia zenye asili ya Burundi, nyingi sasa ni raia. Majirani walikuwa na jibu tayari: ni wavivu. Yeye hakuliamini, na kilichomnyima usingizi ni kwamba tasnifu yake ingeweza kulipatia jibu hilo mhuri wa chuo.

Siku ya kwanza alianza na udongo, kama mtaalamu yeyote wa udongo. Akachimba, akajaza mifuko, akaweka alama kwenye simu. Kisha tukaanza mahojiano. "Mama, hili shamba ni lenu?" "Hapana, la shemeji." Shamba la pili, la shemeji. La tatu, la shemeji. Njiani akanishika mkono. "Mdogo wangu, huyu shemeji ni nani? Kijiji kizima chake!" Nilicheka, kisha kicheko kikakauka. Kwa watu waliowahi kuhamishwa, anayechimba na kuweka alama ni mpima ardhi, na nyuma ya mpima ardhi huja amri ya kuondoka; nani angekiri kwamba shamba ni lake?

Wasimamizi walipopata habari, kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wa udongo alisema aache mahojiano, yameshaharibika. Wa sosholojia alisema aache udongo, ndio ulioyaharibu. Mimi mpenda unadhifu nilimshauri aigawe kazi ziwe mbili. "Nikipima udongo peke yake," akanijibu, "nitakuwa nimethibitisha kwamba hawajali. Nikiandika hofu peke yake, nani ataona hofu inaifanya nini ardhi? Huyo shemeji ndiye utafiti wenyewe."

Akarudi bila mifuko. Kwa msimu mzima alipalilia pamoja na wenye mashamba kwa jembe la kuazima, vibaya sana. Mama mmoja alimnyang'anya. "We binti, unaua maharage unaacha magugu! Huko chuoni mnakula nini?" Baadaye, wamekaa wanapumzika, mama huyo huyo akaeleza kwa nini hana hata mgomba mmoja wa kufunika ardhi yake kwa majani, hadi mvua inaubeba udongo. "Migomba niliiacha kule kwetu. Nikapanda mingine kambini, nayo nikaiacha. Sasa nina kitambulisho, kichwa kinajua mimi ni Mtanzania. Mikono ndiyo haijapata habari." Kisha akamtazama. "Na ule udongo wako, huutaki tena?" Akachimba mwenyewe, akaleta mfuko wa nailoni uliojaa.

Tangu siku hiyo nawatazama kwa jicho jingine wageni wanaokuja huku kwetu. Wa kilimo huja na mbegu, wa ardhi na ramani, wa afya na dawa, na kila mmoja huondoka akilalamika kwamba watu hawasikii. Anayesikilizishwa ni mtu mmoja, ana mwili mmoja, na hofu yake haijui mipaka ya ofisi zao.

Tulipotoka makaburini niliwakuta wasimamizi wote wawili kwenye mkeka mmoja. Walikuwa wamefika juzi yake kumjulia hali, kwa gari moja. Nikauliza kama kazi yake sasa itagawanywa. "Haigawanywi," akasema wa udongo. "Itawekwa chuoni nzima. Sura ya mwisho itaishia alipoishia." Nikaruka na ombi: rekodi zote ninazo, najua alichotaka kusema, naweza kuimalizia vizuri. Yule wa sosholojia akaniwekea mkono begani. "Usimmalizie, kijana. Hapo ndipo alipofika kweli. Mengine tutakuwa tunabuni."

Nimeyachukua maneno hayo kama fundisho, ingawa bado yananiwasha. Anayetaka kujua kwa nini ardhi imechoka amuulize pia anayeilima anaogopa nini. Na asipopata jibu lote, aandike hadi hapo alipofika, asione aibu.